Deni la Mbizi ya Kwanza: Somo la Jedwali Kutoka Ziwa Mweru



Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake.

Ndugu zangu wanafunzi, leo katika ukurasa huu wa elimu naomba niwapeleke chini ya maji. Somo letu ni namna ya kupanga mbizi zaidi ya moja katika siku moja kwa kutumia jedwali. Nimelichagua kwa sababu likizo iliyopita lilinikuta mwenyewe, nikiwa nyumbani Kashikishi, mbele ya watu ninaowaheshimu. Ilinibidi nichague kati ya tarakimu zilizoandikwa kwenye karatasi na sauti ya Baba Mdogo. Hata kama hujawahi kuvaa mtungi mgongoni, nakuomba usome mpaka mwisho, kwani hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa tu, na funzo lake linatufaa sote.

MASHINE ILIYOZAMA

Kashikishi ni mji wa wavuvi katika wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Uko ukingoni mwa Ziwa Mweru, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Sokoni utasikia Kibemba zaidi, lakini Kiswahili hakikosekani, maana wachuuzi wanavuka kutoka Pweto na Kilwa ya Katanga kufuata samaki. Marehemu babu yangu alitoka Ujiji akifuata biashara ya dagaa, ambao kule wanaitwa chisense, akaoa na kubaki. Mimi nilivuka kuja kusoma Tanzania, na nikiwa mwaka wa pili nikajifunza kuzamia kwa mtungi kule Unguja.

Baba Mdogo ana boti ya kubeba wachuuzi na mizigo kati ya Kashikishi na Chienge. Wiki mbili kabla sijafika, skrubu za mashine zililegea njiani bila mtu kutambua. Wimbi likapiga, mashine ya farasi 40 ikachomoka na kuzama. Jambo la busara walilofanya papo hapo ni kufunga jiwe kwenye kamba, kulitupa, na kuacha dumu tupu likielea kuwa alama. Walijaribu kuivua kwa nanga siku tatu, wakaambulia matope. Mashine ile ilinunuliwa kwa mkopo, na nusu ya mkopo ilikuwa haijalipwa.

Sehemu kubwa ya Mweru upande wa kusini, uliko mji wetu, ina kina kidogo. Ukienda kaskazini-mashariki kina kinaongezeka hadi kupita mita 20. Pale penye dumu, kamba ilipima mita 15.

Baba Mdogo alimpata mzamiaji kutoka Mpulungu, mtu mzima anayeishi kwa kukamata samaki wa mapambo katika Ziwa Tanganyika. Akaja na mitungi minne. Kwa hiyo tulikuwa wazamiaji wawili, mitungi miwili kwa kila mmoja, na hakuna mahali pa karibu pa kuijaza tena. Maana yake ni mbizi mbili tu. Usiku ule nilikaa na daftari na taa ya sola, nikaanza kupanga.

KWA NINI MBIZI YA PILI SI SAWA NA YA KWANZA

Hewa tunayovuta ina takriban asilimia 79 ya naitrojeni. Juu ya ardhi gesi hii haitudhuru, inaingia mapafuni na kutoka. Lakini ukiteremka majini, mgandamizo unaongezeka. Baharini, kila mita 10 unazoteremka zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa angahewa nzima iliyo juu yetu. Kadiri mgandamizo unavyozidi ndivyo gesi nyingi zaidi inavyoyeyuka ndani ya kimiminika. Kanuni hii aliieleza mwanakemia Mwingereza William Henry mwaka 1803, na wengi wetu tumeisoma sekondari. Basi mzamiaji akiwa chini, damu na nyama za mwili wake zinanyonya naitrojeni kidogo kidogo.

Tatizo liko wakati wa kupanda. Chukua chupa ya soda. Ikiwa imefungwa huoni povu, ukiifungua kwa ghafla linafurika. Mwili wa mzamiaji aliyekaa chini kupita kiasi, au aliyepanda kwa haraka, unafanana na chupa ile. Naitrojeni inatoka katika hali ya mapovu ndani ya viungo, mishipa, hata uti wa mgongo. Mfaransa Paul Bert alionyesha mwaka 1878 kwamba mapovu haya ndiyo chanzo cha ugonjwa uliokuwa ukiwapooza wafanyakazi waliochimba misingi ya madaraja ndani ya vyumba vya hewa iliyogandamizwa. Dalili zake ni maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, kushindwa kukojoa, na katika hali mbaya, kupooza au kufa.

Aliyeleta hesabu ya kujikinga ni John Scott Haldane. Kwa kazi ya Jeshi la Wanamaji la Uingereza, yeye na wenzake Boycott na Damant walifanya majaribio kwa mbuzi, wakachapisha matokeo mwaka 1908. Walitambua kwamba mwili haunyonyi naitrojeni kwa kasi moja. Damu hujaa upesi na kuitoa upesi, mafuta na viungo hujaa polepole na kuitoa polepole. Kwa hiyo unapofika juu, sehemu moja ya mwili imeshamaliza kutoa gesi na nyingine bado imebeba.

Hapo ndipo penye siri ya mbizi ya pili. Umetoka majini, umevua mtungi, umekunywa chai, hujisikii maumivu yoyote. Lakini mwili wako bado una masalio ya naitrojeni ya mbizi ya kwanza. Ukiingia tena, huanzi na sifuri, unaanza na deni. Waswahili wamesema dawa ya deni ni kulipa, na deni hili halilipwi kwa ushujaa wala kwa afya njema. Linalipwa kwa kitu kimoja tu, nacho ni muda wa kukaa juu.

NAMNA JEDWALI LINAVYOSOMWA

Jedwali la mbizi za kurudia ni daftari la deni hilo. Nitatumia lile la zamani la Jeshi la Wanamaji la Marekani, lililotoka miaka ya 1950, kwa sababu ndilo ambalo vizazi vingi vya wazamiaji vilifundishwa. Jeshi hilo lilibadilisha majedwali yake mwaka 2008, na vyama vya mafunzo vya leo vina majedwali yao yenye tahadhari zaidi. Kwa hiyo namba hizi ni za kujifunzia tu. Anayeingia majini atumie jedwali la chama kilichomfundisha, wala asichanganye majedwali mawili.

Hesabu ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kupata herufi. Tafuta mstari wa kina chako, kisha muda uliokaa chini. Muda huu unahesabiwa tangu unapoacha uso wa maji kuteremka mpaka unapoanza kupanda. Kama kina au muda wako haumo katika jedwali, chukua namba kubwa inayofuata, kamwe usishuke. Kila muda una herufi, kuanzia A yenye naitrojeni kidogo na kuendelea. Katika mstari wa futi 60, yaani mita 18, namba ni hizi:

dakika 10: B
dakika 15: C
dakika 20: D
dakika 25: E
dakika 30: F
dakika 40: G
dakika 50: H
dakika 55: I
dakika 60: J, na hapa ndipo mwisho

Ukipita dakika 60 katika kina hicho, huruhusiwi tena kupanda moja kwa moja, ni lazima usimame njiani kwa vituo maalumu. Mzamiaji wa kawaida hapangi kufika huko.

Hatua ya pili ni kupumzika juu. Herufi yako inateremka kadiri unavyokaa nje ya maji. Aliyetoka na G huenda hivi:

dakika 10 hadi 40: bado ni G
dakika 41 hadi saa 1 na dakika 15: F
saa 1 na dakika 16 hadi saa 1 na dakika 59: E
saa 2 hadi saa 2 na dakika 58: D

Tazama vizuri mstari wa kwanza. Dakika 40 nzima za kupumzika hazijabadilisha herufi. Na ukirudi majini kabla ya dakika 10, jedwali linahesabu kuwa hukutoka kabisa, ni mbizi ileile inayoendelea. Kwa upande mwingine, ukikaa juu zaidi ya saa 12, deni limefutwa na unaanza upya.

Hatua ya tatu ni kugeuza herufi kuwa dakika za masalio. Hizi ni dakika ambazo unahesabiwa kuwa umeshakaa chini kabla hata hujalowa. Kwa kina cha mita 18, E ni dakika 30, D ni dakika 24, na G ni dakika 44. Unazitoa katika ukomo wa dakika 60, na kinachobaki ndicho chako. Ukishamaliza mbizi ya pili, unajumlisha masalio na muda halisi uliokaa, ili kupata herufi mpya.

ZIWA SI BAHARI

Usiku ule nilichukua mita 15, nikaenda mstari wa futi 50, ambao ukomo wake ni dakika 100. Nikapanga mbizi ya kwanza ya dakika 40, ikanipa F. Nikapanga kupumzika saa mbili na kidogo, nikapata D. Katika mstari huo D ina masalio ya dakika 29. Nikatoa 29 katika 100, nikapata dakika 71 za mbizi ya pili. Nikampelekea mwenzangu wa Mpulungu daftari kwa furaha, kama mwanafunzi anayekabidhi mtihani kabla ya wakati.

Akalitazama, akatabasamu. "Hesabu ni safi, mdogo wangu. Lakini umeifanyia Unguja. Hapa tuko wapi?"

Sikumwelewa mara moja. Akaniuliza kama nilihisi chochote masikioni wakati basi lilipokuwa linateremka kutoka Kawambwa kuja bonde la Luapula. Nikasema ndiyo, masikio yaliziba. "Basi hewa ina kimo, na ziwa hili nalo lina kimo."

Ndugu msomaji, uso wa Ziwa Mweru uko takriban mita 917 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho hewa ni nyepesi zaidi. Pwani mgandamizo wa hewa ni kama milibari 1,013, na kwa Mweru ni kama milibari 908. Unaweza kudhani hewa nyepesi ni nafuu kwa mzamiaji. Kinyume chake, ni hatari zaidi, kwa sababu kinachozalisha mapovu ni uwiano kati ya mgandamizo wa chini na ule unaoukuta juu. Ukiwa umetoka kina kilekile na kukuta juu hewa nyepesi, uwiano huo ni mkubwa zaidi, ni sawa na soda iliyotikiswa kabla ya kufunguliwa.

Majedwali ya bahari hutumika bila marekebisho mpaka kimo cha mita 300 hivi. Juu ya hapo, kina halisi hugeuzwa kuwa kina cha hesabu kwa kukizidisha kwa mgandamizo wa pwani na kukigawanya kwa mgandamizo wa ziwani. Kwetu ilikuwa 15 mara 1,013 gawanya kwa 908, jibu likawa karibu mita 16.7. Hiyo ni futi 55, na kwa kuwa haturuhusiwi kushuka, tunapanda mpaka mstari wa futi 60. Ukomo ukaanguka kutoka dakika 100 hadi 60. Mbizi ya kwanza ya dakika 40 ikawa G badala ya F. Baada ya saa mbili ni D, masalio 24, na mbizi ya pili ikabakiwa na dakika 36.

Dakika 71 zikawa 36. Ni kweli kwamba hewa ya mtungi mmoja isingenifikisha dakika 71, ingeisha kabla. Lakini kuokolewa na mtungi kuwa mtupu hakuwezi kuitwa mpango.

Jambo hili linatuhusu sana Waafrika Mashariki. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya bahari, Ziwa Victoria mita 1,134, na Ziwa Nyasa zaidi ya mita 450. Hakuna hata moja kati ya haya ambalo jedwali la pwani linatumika kama lilivyo.

Na vipi mtu aliyetoka pwani, ambaye mwili wake umezoea hewa nzito? Akifika ziwani anahesabiwa kuwa ana deni kabla ya mbizi ya kwanza, mpaka apumzike. Kwa safari yangu ya treni ya TAZARA hadi Kasama, kisha mabasi, nilikuwa nimeshakaa juu siku nyingi, hivyo hilo halikunisumbua.

SAA MBILI JUU YA BOTI

Asubuhi tulifika penye dumu. Baada ya Bismillah na kukagua vifaa mara mbili, tuliingia saa 4:00 kamili. Maji ya Mweru si ya Unguja. Baada ya mita chache mwanga unakuwa wa rangi ya chai, na ukigusa chini tope linapanda kama moshi. Tulishika kamba ya dumu, tukafunga kamba nyingine, tukaanza kuzunguka kwa kupapasa, kila mzunguko ukiwa mkubwa kuliko uliotangulia. Katika dakika ya 33 mkono wangu uligonga chuma. Nilikuwa nimebakiwa na muda wa kufunga kamba nyembamba tu ya alama. Dakika ya 36 tukaanza kupanda, tusizidi mita 9 kwa dakika, tukasimama mita 5 kwa dakika tatu. Saa 4:41 tulikuwa juu. Dakika 36 hazimo katika mstari wa futi 60, kwa hiyo ni 40, na herufi ni G, kama tulivyopanga.

Niliposema tumeipata, boti nzima ilipiga takbir. Baba Mdogo akanikumbatia nikiwa nimelowa. Kisha akasema, "Haya mwanangu, vaa mtungi mwingine mkaifunge kamba nene."

Nikamwambia, "Baba Mdogo, tunangoja saa mbili."

Akadhani ni mzaha. Alipoona natoa daftari, uso ulibadilika. Akanyoosha kidole kusini-mashariki, ambako maji yalikuwa yameanza kuwa na weupe. "Upepo ule ukifika hapa hatutakaa. Kesho dumu laweza kuibwa. Umechoka? Unaumwa? Sasa unangoja nini?"

Ndugu zangu, hilo ndilo swali gumu kuliko yote katika elimu hii, kwa sababu kweli sikuwa nimechoka wala sikuumwa. Aliyeuliza ni mtu aliyenilipia ada tangu baba yangu alipofariki. Nilikaa kwenye ubao, nikamfanyia hesabu mbele ya macho yake. Tukirudi baada ya nusu saa, bado mimi ni G. Masalio ni dakika 44. Sitini toa 44 ni dakika 16. Kuteremka, kuitafuta mashine kwenye tope na kuifunga vizuri hakutoshi dakika 16. Tutazidisha, kila mtu anajijua, hakuna atakayeiacha mashine akiwa ameishika. Tukizidisha na kudhurika, Lusaka iko karibu kilomita 1,000 kutoka Kashikishi kwa barabara.

Mwenzangu wa Mpulungu hakuongeza hoja. Alisema tu kwamba kule kwao anamjua kijana anayetembea kwa fimbo, na kwamba siku ile kijana yule naye hakuwa amechoka.

Baba Mdogo alikaa kimya. Kisha akamwambia nahodha ateremshe nanga ya pili. Upepo ulikuja, ukatutikisa, lakini haukuzidi. Adhuhuri ikaingia tukiwa palepale, tukasali kwa zamu kwa sababu boti ilikuwa inayumba. Ile sala ndiyo iliyonionyesha kwamba kungoja nako ni kazi.

Saa 6:51 tuliingia tena. Saa 2 na dakika 10 zilikuwa zimepita, herufi D, tulikuwa na dakika 36 na tukakubaliana kutumia 30. Kamba ya alama ilitupeleka moja kwa moja, lakini mashine ilikuwa imezama nusu kwenye tope, na kuichimbua kwa mikono kulichukua muda kuliko tulivyodhani. Tulianza kupanda katika dakika ya 28. Tujiulize sasa: kama tungeingia baada ya nusu saa, 44 na 28 ni dakika 72. Tungeupita ukomo kwa dakika 12, bila kuhisi chochote wakati tunaupita.

Saa 7:24 tulikuwa juu. Vijana wakavuta kamba nene kwa pamoja, na mashine ikatokea imevaa tope kama kiboko. Kwa daftari langu, masalio 24 na muda 28 ni 52, ambayo inasomwa 55. Herufi yangu ikawa I.

DENI LA MWISHO

Nilidhani hesabu imekwisha. Lakini mashine iliyokaa majini ikishatolewa hewani huanza kuharibika ndani ya saa chache, na fundi wa Baba Mdogo yuko Kawambwa. Jioni ile ile lori lilipatikana. Akaniita nipande nimsaidie, kwani siku ya pili yake ningepata na basi la kurudia chuoni.

Barabara ya Kawambwa inapanda mlima pale Mbereshi, na Kawambwa iko zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari. Kwa mtu mwenye herufi I, kupanda mlima kwa gari ni sawa na kuendelea kupanda kutoka majini, maana hewa inazidi kuwa nyepesi. Kwa wanaopanda ndege, ushauri unaofuatwa na wengi ni kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 baada ya mbizi za kurudia. Sisi tuliamua kuuheshimu ushauri huo kwa mlima pia. Kutoka saa 7:24 mchana, saa 18 zinaishia saa 1:24 asubuhi ya kesho yake. Nikalala kando ya ziwa, basi likanipita, nikachelewa chuoni siku mbili.

Safari hii Baba Mdogo hakubisha. Aliniuliza tu, "Herufi yako sasa ni ipi?" Nilipomwambia, akacheka, akapanda lori peke yake.

MAZINGATIO

Kwanza, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Suratul-Baqarah, na inahusu deni. Tunaamrishwa ndani yake kuliandika, wala halikuachwa dogo kwa udogo wake. Mwanadamu husahau, na akiwa na haja hujisahaulisha. Kalamu haina haja. Usiingie majini kwa kukumbuka, ingia kwa kilichoandikwa.

Pili, mwili ni amana. Katika sura hiyohiyo, aya ya 195, tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizi. Nia njema ya kumsaidia mzazi haibadilishi namba katika jedwali. Utii kwa wakubwa wetu ni wajibu, lakini kumweleza mkubwa jambo asilolijua, kwa adabu na kwa ushahidi, nako ni sehemu ya kumtii.

Tatu, tusidharau elimu kwa kuangalia aliyeibeba. Kosa langu la kimo cha ziwa halikusahihishwa na profesa. Lilisahihishwa na mkamata samaki.

Nne, Imam Ghazali aliitaja tiba na hesabu kuwa miongoni mwa elimu za fardhi kifaya, ambazo ni lazima wawepo watu katika jamii wa kuzibeba. Tulimzika nani na nani mwaka 1996 MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria, na mwaka 2018 MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara? Ajali hizo zilihitaji wazamiaji, na ziwa lile liko mita 1,134 juu ya bahari. Vijana wa Kiislamu wanaoweza kuogelea na kujumlisha wasiiache elimu hii kuwa ya watalii peke yao.

ZOEZI

Tuseme baada ya kutoka saa 7:24 nikiwa na herufi I, ningetaka mbizi ya tatu palepale Mweru kwa kina halisi cha mita 12, baada ya kupumzika saa 3. Je, ningeruhusiwa dakika ngapi? Utahitaji haya: mwenye I akipumzika kati ya saa 2 na dakika 45 na saa 3 na dakika 43 anakuwa D. Mstari wa futi 50 ni mita 15.2, ukomo wake ni dakika 100, na masalio ya D ni dakika 29. Mstari wa futi 40 ni mita 12.2. Anza kwa kurekebisha kina.

Jibu: mita 12 zinakuwa karibu mita 13.4, kwa hiyo tunakwenda mstari wa futi 50. Mia moja toa 29 ni dakika 71. Aliyekimbilia mstari wa futi 40 ameisahau Mweru, akarudi Unguja kama mimi.

Wabillahi tawfiq.